Damu Niliyokataa Kuipima

Vijana wangu wa maabara,

Siku mlipopewa makoti meupe mliniwekea kiti mbele, na kiti kilikaa bure. Nimeambiwa mlinisubiri mpaka soda zikapata moto. Kuna waliosema Bibi Labo ana magoti, na wengine wakasema uzee umemfanya asahau siku. Magoti ninayo kweli, lakini siku sikuisahau. Mliniomba nije niseme maneno mawili ya kuwatia moyo, na nilipojipekua sikuwa na maneno ya namna hiyo. Nilikuwa na jambo moja tu la kuwaambia, na si la kusemwa mbele ya soda na keki. Nimeona niliandike.

Kuna mwanamke aliyepoteza ndoa, jina lake na mtoto wake kwa sababu ya sentensi moja niliyoisema mimi, nikiwa nimevaa koti kama lenu. Nitafika kwake. Lakini mkono wangu unaogopa, basi niacheni kwanza nizungukezunguke kwenye kazi, maana kazi naipenda bado.

Nilijifunza maabara Bukavu, kwa masista waliokuwa wanakuchapa vidole kwa rula ukiacha kioo kichafu. Vita ya kwanza ilinitoa Bukavu na sanduku moja la nguo, nikavuka nchi za watu mpaka nikafika hapa Malawi, kambi ya Dzaleka, kwenye hizi nyumba zilizokuwa gereza. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, sina mume, sina mtoto. Watu wa Kivu wakaniita Mamzeli, kama wanavyomwita mwalimu ambaye hajaolewa. Bibi Labo, bibi wa maabara, mmenipa ninyi, baadaye sana.

Kliniki ya kambi wakati ule ilikuwa na mikroskopi moja ya kioo cha jua. Hakuna umeme, unageuza kioo mpaka kishike mwanga wa dirishani, na wingu likipita unasubiri. Wanaume walikuja na ugonjwa wa njia ya mkojo, ule unaotoa usaha, ambao sisi Wakongomani tunauita sopisi. Mwanaume wa sopisi mtamjua kwa mwendo. Atasema amekuja kwa kichwa. Ukimuuliza kichwa kimeanza lini, atatazama mlango. Na akiona aliyeshika kijiti cha pamba ni mwanamke, kichwa kinapona papo hapo. Nilikuwa nawaambia, baba, mi siangaliaki muntu, mi naangaliaka kioo. Nusu yao walirudi ndani.

Jambo la kwanza la kushika: mwulizeni amekojoa saa ngapi. Wanaume wengi, kwa adabu, wanapita msalani kwanza ili waje wasafi, na hapo wameshamwaga kile unachokitafuta. Mpe kiti, akae saa mbili. Atanung'unika. Mwache anung'unike. Jambo la pili, usipake usaha kwenye kioo kama unapaka siagi kwenye mkate. Viringisha pamba polepole, mara moja, basi. Ukishatia rangi, vijidudu vya kisonono utaviona viwili viwili ndani ya chembe nyeupe, kama mbegu mbili za kahawa zilizolaliana tumbo kwa tumbo. Mtu wa Kivu hawezi kuzikosea.

Shida ilikuwa wale ambao usaha upo, chembe nyeupe zimejaa, na mbegu za kahawa hakuna. Hao walikuwa wengi. Ugonjwa wao unaletwa na kijidudu kingine, klamidia, na huyo hata ukodoe macho mpaka jioni, kwenye mikroskopi ya kawaida humwoni. Dawa yao ilikuwa vidonge vya wiki moja, mume na mke, na wengi walipona. Lakini madaktari wakubwa wa Lilongwe walitaka kujua kama huyo asiyeonekana anaweza kutafutwa kwenye damu. Mwili ukishapigana na kijidudu unatengeneza kingamwili, na kingamwili inabaki kwenye damu muda mrefu. Basi wakaanza kukusanya damu za wanaume wenye usaha, na za wake zao waliokubali, mjini na hapa kambini.

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi Lilongwe. Siku moja nilimsindikiza mgonjwa wa kambi hospitalini, nimkalimanie, na nikiwa nasubiri nikaona mlango wa maabara uko wazi na kioo kiko chini ya mikroskopi. Nikainama. Sauti nyuma yangu ikauliza kwa Kiingereza ninaona nini. Nikamjibu kwa Kifaransa na kwa vidole. Huyo alikuwa Bambo Kamanga, yaani Bwana Kamanga, fundi mkuu, Mmalawi mfupi mwenye koti lililopigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Baada ya mwezi nilikuwa na karatasi ya kunipa ruhusa ya kutoka kambini mara mbili kwa wiki, na sanduku la barafu la kubebea damu.

Lile sanduku lilinipa heshima ambayo sijaipata tena. Nilitoka Dzaleka asubuhi kwa miguu, nikipata kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, napanda, sanduku mapajani, mpaka kwenye lami, kisha minibasi mpaka Lumbadzi, na nyingine mpaka mjini. Kwenye kizuizi polisi aliuliza kuna nini ndani. Nilisema damu. Watu watatu walishuka bila kudai nauli yao, na benchi lote likawa langu. Toka siku hiyo nilikuwa nasema damu hata kabla sijaulizwa. Nawaambia haya mcheke kidogo, kwa sababu mbele hakuna kicheko. Ila kumbukeni: damu isiguse barafu, wekeni gazeti katikati. Damu ikiganda kwa baridi chembe zinapasuka, na utafika mjini na maji mekundu yasiyofaa kitu.

Sasa kipimo chenyewe. Kioo kinakuja kutoka ng'ambo kikiwa na madoa madogo ya vijidudu vilivyokufa, yamepangwa safu. Unachukua maji ya damu, yale ya manjano yanayobaki juu ukishazungusha, unayachanganya na maji ya chumvi mara kumi na sita, mara thelathini na mbili, sitini na nne, unaendelea hivyo. Kila doa unalipa tone lake. Unangoja, unaosha, unaweka dawa inayong'aa, unaosha tena, halafu unaingia chumba cha giza. Penye kingamwili panawaka kijani. Unaandika mchanganyiko wa mwisho uliowaka, na hiyo ndiyo namba ya mtu. Ya mtu mwenye kingamwili kidogo inazimika mapema. Ya mwenye nyingi inafika mia mbili hamsini na sita, hata zaidi.

Nilikipenda kile chumba. Tangu Bukavu sikuwa nimeona kitu kizuri namna ile, nyota za kijani kwenye giza, na mimi ndiye ninayezihesabu. Bambo Kamanga alikuwa anasimama nyuma yangu akihesabu naye, na mara nyingi tulipatana.

Alikuwa na sheria moja. Kila sanduku jipya la vioo likifunguliwa, damu ya kwanza kupimwa ni ya wafanyakazi. Yake, ya kijana aliyeosha vyombo, ya kila mmoja. Alisema huwezi kusoma damu ya mwenzio kama hujui yako inasoma vipi. Majina yaliandikwa kwenye daftari, na namba mbele ya jina.

Mimi nilikataa. Nilimwambia nimefunga, nilimwambia nina upungufu wa damu, mara nyingine nilimwambia sindano inanitia kizunguzungu, mimi niliyechoma watu tangu ujana wangu. Ukweli ni kwamba niliona aibu. Niwekwe kwenye daftari la ugonjwa wa zinaa, jina langu kamili, Mamzeli wa kanisani, mwimbaji wa sauti ya pili? Mimi ambaye sijawahi kulala na mwanaume. Mmesoma vizuri. Najua mnajiuliza siku zote, basi leo mmejua. Niliona kipimo hiki ni cha watu wengine. Bambo Kamanga alinitazama, akaliacha doa langu tupu kwenye kioo, akaandika mstari.

Alikuwa na kitu kingine kilichonikera. Madaktari walikuja na karatasi, wakamwuliza, huyu ameambukizwa lini, huyu na huyu nani alimpa mwenzake. Naye alijibu kila mara, sindikudziwa. Sijui. Fundi mkuu mzima. Nilisema moyoni, kwetu mtu akisema sijui mara nyingi hivyo anarudishwa kuosha chupa. Ndani ya kila sanduku la vioo kulikuwa na karatasi ya maelezo, kwa Kiingereza, maandishi kama chungu. Kiingereza changu kilikuwa cha sokoni. Moja niliikunja mara nne nikaiweka chini ya mguu wa meza yangu iliyokuwa inayumba.

Yule mwanamke niliyewaambia, Mama Neema, alitoka upande wa Fizi. Jina lake Riziki. Mumewe Etiene, fundi cherehani, alikimbia vita ya kwanza akiwa shambani, bila hata kurudi nyumbani, akajikuta hapa. Alikaa peke yake karibu miaka miwili akidhani mkewe amekufa. Vita ya pili ilipoanza ndipo Riziki alipofika, ana binti yao Neema mgongoni, mwenye miaka minne, miguu imevimba. Tulimpokea kwa nyimbo. Mimi nilikuwa kwenye ile kwaya, na Etiene alilia mpaka akakaa chini kwenye vumbi na suruali yake ya Jumapili.

Baada ya miezi michache Etiene alikuja kliniki na mwendo ule. Nilipima kioo, hakuna mbegu za kahawa. Akapewa vidonge, na mkewe akapewa vilevile, na wote wawili wakakubali damu yao iende Lilongwe. Mimi ndiye niliyezibeba. Mimi ndiye niliyezisoma. Ya Etiene iliwaka mpaka thelathini na mbili. Ya Riziki iliwaka mpaka mia mbili hamsini na sita.

Vidonge vilifanya kazi, Etiene akapona. Mambo yangeishia hapo. Lakini kanisani kwetu tulikuwa na desturi tuliyokuja nayo kutoka kwetu: mume na mke waliotenganishwa na vita, kabla hawajarudi pamoja kwenye meza ya Bwana, kila mmoja anaungama mbele ya wazee yaliyompata njiani. Desturi ilikuwa na wema wake. Watu walilia pale, wakasameheana, wakaanza upya. Etiene aliitwa, akaungama kwamba hapa kambini, alipodhani ni mjane, alikuwa na mwanamke mmoja wa Madisi aliyemuuzia mahindi. Akasamehewa. Riziki akaitwa, akasema, "Mi sina kitu ya kuungama."

Hawakumwamini. Mwanamke wa Fizi, miaka miwili, askari kila njia, na hana kitu? Etiene naye, badala ya kunyamaza, akatoa mfukoni karatasi mbili za majibu alizopewa kliniki. Wazee wakaziona namba. Wakanituma mtu.

Nilikwenda na koti. Hapo ndipo pananiuma nikikumbuka, kwamba nilirudi nyumbani kulichukua koti. Wazee watano walikaa kwenye benchi, Mzee Yona katikati, mtu mwenye haki, asiyekula rushwa, msimwone mbaya. Riziki alikaa kwenye benchi la nyuma karibu na mlango, Neema amelala mapajani pake. Mzee Yona akanipa zile karatasi kwa mikono miwili, kama anavyompa mchungaji Biblia.

"Mamzeli, we njo unajua mambo ya damu," alisema, kwamba mjuzi ndiye mimi. "Hizi namba zinasema nini?"

Ningeweza kusema karatasi ya mgonjwa ni ya mgonjwa, nikazirudisha kwa wenyewe. Ningeweza kusema dawa wamekunywa wote, haiulizi nani alianza. Lakini wanaume watano wenye mvi walikuwa wananisubiri, na mimi mkimbizi, mwanamke asiye na mume, nilikuwa sijasubiriwa na mtu tangu Bukavu. Nikazitazama namba. Nikafikiri: nyingi ni nyingi kwa sababu zimejikusanya muda mrefu. Kama vumbi juu ya kabati. Hakuna aliyenifundisha hivyo. Nilijifundisha mwenyewe palepale, katika muda wa kumeza mate.

"Ya mama njo ya zamani," nilisema. "Ya baba ni ya juzi."

Hayo tu. Etiene alifunika uso. Riziki alinitazama, na ninawaapia hakuwa na hasira, alikuwa kama mtu anayesikiliza lugha ambayo haijui. Kisha akasema polepole, "Mamzeli, mi sikulala na muntu." Mzee Yona akamwambia damu haisemi uongo.

Walimtoa kwenye meza ya Bwana mpaka aungame. Wangemsamehe, mnaelewa? Wote walikuwa tayari kumsamehe. Hata kama alishikwa kwa nguvu, walisema, hiyo si kosa lake, aseme tu tumwombee. Alichokosa ni kitu cha kusamehewa. Jumapili baada ya Jumapili alikaa benchi la nyuma, na kila Jumapili aliulizwa, na kila Jumapili alisema hana. Kwa wazee sasa kosa likawa uongo. Kwa Etiene pia. Mwishowe alimfukuza. Mahari ilikuwa imelipwa kamili, kwa hiyo mtoto alibaki kwa baba. Riziki aliondoka na watu waliokuwa wanarudi kupitia Tanzania. Mtu alimwona Kigoma, anangoja boti ya kwenda Baraka, na upande wa Baraka wakati ule walikuwa wanapigana. Baada ya hapo hakuna aliyemwona.

Miezi mitano ikapita. Nilikuwa naendelea na sanduku langu la barafu na minibasi zangu. Siku moja Bambo Kamanga alipokea damu kutoka wodi ya watoto wenye homa ya mapafu, watoto wadogo wa miaka mitano, sita, saba. Akaniambia nizipime kwenye vioo vyetu. Nilicheka. Nilimuuliza, watoto hawa wanatafutiwa sopisi? Akasema pima. Niliingia chumba cha giza, na nyota zikawaka. Si wote, lakini wengi. Mmoja, kasichana ka miaka saba, alifika mia moja ishirini na nane.

Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi. Bambo Kamanga alikuja akakaa karibu yangu, akanieleza taratibu kama mtu anayejua ninaumwa wapi, ingawa hakujua. Klamidia ana ndugu. Huyo ndugu hana habari na njia ya mkojo, anakaa kifuani, anapita kwa kikohozi, na watu wengi wa dunia hii wamekwisha kukutana naye kabla ya kuota ndevu. Vioo vyetu havikujua kuwatofautisha vizuri. Na hata pale penye klamidia mwenyewe, namba kubwa haisemi zamani na namba ndogo haisemi juzi. Mwili wa huyu unatengeneza nyingi, wa huyu kidogo. Ndiyo maana walikuwa wanakusanya damu zote hizi, kujua kama kipimo kina faida yoyote. Akasema yote yameandikwa kwenye karatasi ya sandukuni. Akauliza kama sikuisoma.

Niliinua meza, nikaitoa. Ilikuwa na alama ya mguu katikati.

Halafu nilifanya nilichopaswa kufanya karibu miaka miwili nyuma. Nilijifunga mpira mkononi, nikajichoma mwenyewe, nikazungusha, nikachanganya, nikaweka kwenye doa ambalo Bambo Kamanga alikuwa akiniachia tupu. Nilipokuwa na miaka kumi kule Bukavu nililala na kifua majuma sita, mama aliniwekea mvuke wa majani kila jioni, walidhani nitakufa. Sikulikumbuka hilo mpaka nilipokuwa gizani naangalia. Damu yangu iliwaka kumi na sita. Iliwaka sitini na nne. Iliwaka mia mbili hamsini na sita, na hapo ikazimika.

Namba ya Riziki. Ileile.

Kama ningejichoma siku ile ya kwanza, vijana wangu, ningekuwa najua. Mzee Yona angenipa karatasi, nami ningesema, namba hii ninayo hata mimi. Niliona aibu ya sindano moja, na mwanamke mwingine ndiye aliyeilipia.

Nilikwenda kwanza kwa Etiene. Alikuwa anashona sketi za shule. Nilimweleza nikiwa nimesimama mlangoni, maana hakunikaribisha kuketi, na alisubiri mpaka mshono ukafika mwisho ndipo akanyanyua uso.

"Sasa unaniambia nini, Mamzeli?" alisema. "Nilimufukuza juu ya kinywa yako."

Nyuma yake Neema alikuwa anachezea vipande vya vitambaa.

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi ya kuungama. Nilisimama mbele ya kanisa lote bila koti. Nikasema nilidanganya kwa kujifanya najua, na kwamba damu yangu mimi ina namba ileile kama ya Mama Neema, na kwamba inaweza kuwa ya kikohozi cha utotoni. Niliona akina mama wa kwaya wanatazamana. Wazee walitoka nje kushauriana, wakarudi, na Mzee Yona akasema kwa huruma kabisa, "Mamzeli, kikohozi haiingiaka kule." Akaniuliza jina la mwanaume.

Ningekuwa nalo ningewapa. Nilitolewa kwenye meza ya Bwana miezi sita, nikawekwa benchi la nyuma, karibu na mlango, pale alipokuwa anakaa Riziki. Ukikaa pale unasikia mahubiri vibaya, na upepo wa Juni unapita chini ya mlango unakushika miguu. Hakuna anayekugeukia wakati wa kupeana mikono. Niliyajua hayo wiki ya kwanza tu, na yeye alikaa pale karibu mwaka. Wakati mwingine nilisikia vijana wakisema, kumbe Mamzeli naye. Nilikuwa naona kama ninamlipia Jumapili moja moja, lakini hesabu hiyo ni ya kujidanganya, maana yeye hakuwepo kuipokea.

Niliandika barua nne. Moja kwa mchungaji wa Kigoma, nyingine kwa watu wa kutafuta waliopotea, mbili nikampa dereva wa lori. Hakuna iliyojibiwa. Kile kipimo cha vioo kiliachwa baadaye, ile kazi ilipokwisha. Leo mnatumia mashine inayotafuta kijidudu chenyewe kwenye mkojo, na hamhitaji giza wala nyota. Nafurahi. Bambo Kamanga alikufa akiwa bado kazini. Mazishini kwake nilitaka kumwambia mkewe kwamba mumewe alinifundisha kusema sindikudziwa, lakini Chichewa changu kilinikwama, nikasema zikomo tu, asante.

Sasa niseme kwa nini nimeandika leo, baada ya miaka yote hii. Majuma matatu kabla ya sherehe yenu, Neema alikuja nyumbani kwangu. Mnamjua, ni yule fundi aliyeshona hayo makoti yenu. Jina lake limetoka kwenye orodha ya wakimbizi, anahamishwa pamoja na watoto wake kwenda nchi ya mbali, na kwenye mahojiano walimwuliza mama yake yuko wapi na kwa nini aliondoka. Etiene amekwisha kufariki. Alikosa la kujibu, na mtu akamwambia nenda kwa Bibi Labo.

Aliketi kwenye mkeka wangu, mikono imefungana. Ana paji la uso la mama yake.

"Bibi, mama yangu alifanyaka nini?"

Nilimweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, na koti, na karatasi chini ya meza, na damu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho. Nilidhani atanitukana na nilikuwa nimejiandaa. Badala yake alisogea mbele, na nikaona anataka kitu kimoja tu, anakitaka kama mtu mwenye kiu.

"Basi ilikuwa kikohozi," alisema. "Mama hakukuwa na ile ugonjwa. Niambie hivyo, Bibi, niende nayo."

Mnajua nilivyotaka kusema ndiyo. Mtoto huyu nilimnyang'anya mama kwa sentensi moja, na sasa ananiomba sentensi nyingine ndogo, tamu, nimrudishie. Ilikuwa ulimini. Lakini ile namba haikuniambia kitu mara ya kwanza, na haikuwa imebadilika. Kama ningemwambia ndiyo, ningekuwa nimesimama tena mbele ya wale wazee na koti langu.

Nilimshika mikono. Nikamwambia mama yake alisema hakulala na mtu, na alilisema hilo kila Jumapili karibu mwaka mzima, mbele ya watu waliokuwa tayari kumsamehe kama angesema vingine, na kwamba mimi namwamini yeye. Hilo naliamini kwa moyo, si kwa kioo.

"Na damu?" alisema.

"Damu sijui, mwanangu," nilimwambia. "Na ile siku pia sikujua."

Alilia, nami nikalia. Kisha alifuta uso, akatoa mkobani koti jeupe lililokunjwa, alilokuwa amenishonea nije nalo kwenye sherehe yenu. Aliliweka juu ya mkeka akaenda zake. Bado liko pale.